Kiharusi, au neva na misuli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kwenye chumba cha dharura

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya ndugu aliyemleta mgonjwa na sasa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha dharura, na kwa mhudumu wa zahanati au kituo cha afya ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kumwona mgonjwa. Unahusu magonjwa ya mishipa ya fahamu (neva) na misuli yanayofanana na kiharusi. Mengi yake hayaonekani kila siku. Lakini yakipewa jina lisilo lake, mgonjwa anaweza kuishiwa pumzi akiwa kitandani wodini, huku kila mtu akiamini anapata nafuu ya kiharusi.

Mzee amepooza ghafla mkono na mguu wa kulia, mdomo umepinda, haongei. Nianze kufikiria magonjwa mengine?

Hapana. Huo ni kiharusi mpaka hospitali iseme vingine. Mpelekeni haraka, na kama mnaweza kuchagua, nendeni moja kwa moja kwenye hospitali yenye kipimo cha CT (picha ya ndani ya ubongo). Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Si tangu mlipomkuta. Kama alilala mzima saa 4 usiku na mkamkuta amepooza saa 12 alfajiri, saa zinahesabiwa kuanzia saa 4 usiku.

Njiani msimpe chakula, uji wala maji, maana koo linaweza kuwa limelegea na atapaliwa. Msimpe aspirini pia. Viharusi vingine vinatokana na damu kuvuja ndani ya ubongo, na huku kwetu hivyo si vichache. Akifika tu, apimwe sukari kwa tone la damu ya kidole. Sukari ikishuka sana humlegeza mtu upande mmoja kabisa kama kiharusi, na dawa yake ni glukosi, anaamka mbele ya macho yenu. Hilo si ugonjwa wa neva wala misuli, ila hakuna sababu ya kulikosa.

Kama kanuni ni "kiharusi kwanza", kwa nini basi tuhangaike na haya mengine?

Kwa sababu si kila mgonjwa anakuja kama yule mzee. Anakuja mama ambaye kope moja imelegea na sauti inatokea puani. Anakuja kijana ambaye miguu imeisha nguvu tangu juzi na leo mikono inafuata. Hapo ubongo wenyewe ni mzima. Shida iko chini yake, kwenye neva inayobeba amri, au pale neva inapokutana na msuli, au kwenye msuli wenyewe.

Tofauti hii ina maana kubwa kwa matibabu. Mgonjwa wa kiharusi tunamhofia ubongo. Mgonjwa wa neva na misuli tunamhofia kifua: misuli ya kupumua nayo ni misuli, na inaweza kuchoka ndani ya saa chache.

Presha yake ni 190 kwa 110. Si hiyo inathibitisha ni kiharusi?

Haithibitishi. Hii ndiyo hoja inayopotosha watu wengi kuliko zote, wakiwemo wataalamu. Watu wazima wengi wana presha, wengine bila kujua, kwa hiyo mgonjwa yeyote mwenye miaka 60 akiletwa kwa sababu yoyote ana nafasi kubwa ya kukutwa nayo. Hofu na maumivu huipandisha pia. Tena upo ugonjwa mmoja wa neva, Guillain-Barré, ambao huvuruga mfumo unaoendesha presha na mapigo ya moyo: saa hii iko juu sana, baada ya muda iko chini. Ukimpa mgonjwa huyo dawa kali ya kushusha presha, unaweza kumwangusha.

Presha ni sababu ya kukifikiria kiharusi, basi. Haiwezi kuwa jibu.

Picha ya CT imerudi safi. Kwa hiyo siyo kiharusi?

Bado. Kazi kubwa ya CT katika saa za kwanza ni kuonyesha kama kuna damu iliyovuja. Kiharusi cha mshipa kuziba kinaweza kisionekane kabisa mwanzoni, na sehemu ya nyuma ya chini ya ubongo, yaani shina la ubongo, haionekani vizuri kwenye CT hata baadaye. Bahati mbaya ni hiyohiyo sehemu ambayo ikiumia huleta macho kuona viwili viwili, ulimi mzito na kushindwa kumeza, dalili zilezile za magonjwa tunayozungumzia hapa.

Kwa hiyo CT safi haimwondoi mgonjwa kwenye kiharusi, wala haimwingizi kwenye ugonjwa wa misuli. Inamrudisha daktari kitandani kwa mgonjwa, amuulize vizuri ilianzaje na ampime upya kwa mikono yake.

Mke wangu kaamka mdomo umepinda, lakini mikono na miguu iko sawa. Jirani anasema kapigwa na upepo.

Mwambie anyanyue nyusi kama mtu aliyeshangaa, kisha afumbe macho kwa nguvu. Mtazame paji la uso.

Kama upande uliolegea paji halina mikunjo kabisa na jicho halifungi, neva ya uso yenyewe ndiyo iliyoshindwa baada ya kutoka kwenye ubongo. Mara nyingi huu ni ugonjwa wa Bell, uliopewa jina la daktari Charles Bell wa Scotland. Kama paji linakunjamana sawasawa pande zote mbili na kilicholegea ni mdomo tu, fikiria kiharusi: misuli ya paji hupokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo, hivyo upande mmoja wa ubongo ukiumia, paji linabaki kufanya kazi.

Kiharusi kinaweza kujificha hapa pia, kwa sababu kiharusi kidogo cha shina la ubongo kinaweza kulegeza uso mzima. Kwa hiyo ukiona paji halikunjiki lakini mgonjwa pia anaona viwili viwili, anayumba akitembea, au ana ganzi ya mkono, sahau Bell na umpeleke kama kiharusi.

Wagonjwa wa Bell wengi wao hupona, na hupona vizuri zaidi wakianza dawa ya prednisoloni ndani ya saa 72. Jicho ndilo linalohitaji uangalizi: halifungi, linakauka, kioo cha jicho kinapata kidonda. Matone ya kulainisha mchana, mafuta ya jicho na plasta laini usiku. Angalia pia sikioni kama kuna malengelenge, maana hapo ni virusi vya tetekuwanga vimeamka na dawa inaongezwa. Katika nchi zetu ni busara pia kupima VVU, kwani kulegea kwa uso kunaweza kuwa dalili ya mapema. Kukanda uso kwa maji ya uvuguvugu hakuna ubaya. Kuuchanja chale kuna ubaya.

Mama yangu kope inalegea na sauti inakwisha. Walituambia ni kiharusi kidogo, lakini kinaondoka na kurudi. Kinawezekanaje?

Swali zuri, na hapa nitakaa kidogo, maana huu ndio ugonjwa ninaouona ukibatizwa jina la kiharusi mara nyingi zaidi. Unaitwa miastenia gravis. Kinga ya mwili inatengeneza silaha zinazoshambulia vipokezi vya amri kwenye msuli. Neva inatuma ujumbe kama kawaida, msuli unaupokea kwa shida, na kadiri unavyotumika ndivyo unavyozidi kushindwa. Ukipumzishwa unarudi.

Kutumika na kuchoka ndiko kunakoutambulisha. Kiharusi kikishatua, hakijali asubuhi wala jioni. Miastenia inajali. Mgonjwa anaamka vizuri, macho yamefunguka. Kufika alasiri kope imefunika nusu ya jicho, na gari moja barabarani anaona mawili. Mezani anaanza ugali vizuri, akifika kwenye nyama taya linagoma, na utamwona ameweka mkono chini ya kidevu kuushikilia mdomo usiachame. Maji yanatokea puani. Anaanza kusimulia habari kwa sauti ya kawaida, dakika tano baadaye anasikika kama mtu mwenye mafua makali, halafu kama mlevi. Daktari wa Uingereza Thomas Willis aliandika mwaka 1672 kuhusu mwanamke aliyekuwa akizungumza vizuri kisha akizungumza sana anakuwa bubu kwa saa nzima au mbili. Dalili ileile, miaka 350 iliyopita.

Mambo mawili humsaidia mhudumu. Mboni za macho ziko sawa na zinaitikia mwanga, na hakuna ganzi popote. Mgonjwa akikuambia nusu ya mwili imekufa ganzi, hiyo si miastenia.

Huwapata zaidi wanawake vijana na wanaume waliovuka miaka 60. Hao wazee ndio wanaokosewa, kwa sababu mzee akiongea kwa ulimi mzito kila mtu ana jibu tayari mkononi. Anaandikiwa aspirini na dawa ya presha, anaambiwa arudi kliniki baada ya mwezi. Mwezi huo anaweza asiumalize.

Kuna kipimo cha miastenia kinachoweza kufanyika zahanati?

Vipo viwili, na havina gharama. Cha kwanza: mwambie mgonjwa atazame dari bila kushusha macho kwa dakika moja. Usimwambie unatafuta nini. Kaa mbele yake, tazama kope. Kwenye miastenia utaiona inateremka taratibu, anainyanyua kwa kukunja paji, inateremka tena.

Cha pili ni barafu. Pima kwa rula kope imefunguka milimita ngapi. Weka vipande vya barafu kwenye glavu, ifunge, mwekee juu ya kope iliyolegea dakika 2, kisha pima tena haraka. Ikinyanyuka milimita 2 au zaidi, una sababu nzuri ya kushuku miastenia, kwa sababu baridi huusaidia msuli kuipokea amri. Kama kituo hakina friji, duka linalouza barafu za ubuyu liko karibu. Nimeona kipimo hiki kikifanyika kwa barafu ya ubuyu iliyofungwa kwenye glavu na kikatoa jibu safi.

Hospitali kubwa zitapima damu kutafuta silaha zile za kinga, zitapima umeme wa neva na misuli, na zitapiga CT ya kifua kuangalia tezi ya thaimasi, kwani takribani mgonjwa 1 kati ya 10 ana uvimbe hapo. Dawa ya kuanzia ni piridostigimini. Asili yake ni ugunduzi wa daktari Mary Walker, aliyekuwa hospitali ya Greenwich, London, mwaka 1934, kwamba dawa iliyokuwa ikitumika dhidi ya sumu inayolegeza misuli humfungua kope mgonjwa wa miastenia ndani ya nusu saa hadi saa moja.

Ni kweli dawa ya malaria inaweza kumzidishia?

Ni kweli kwa kwinini na klorokwini, na hili kila mgonjwa wa miastenia katika Afrika Mashariki alijue kwa moyo. Orodha inaendelea: antibiotiki kama jentamaisini na ndugu zake, siprofloksasini, azithromaisini, dawa za presha na moyo za kundi la propranololi, na magneziamu salfeti ya mshipa. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotolewa kwa mjamzito mwenye kifafa cha mimba, kwa hiyo mjamzito mwenye miastenia lazima wakunga na daktari wa leba wajulishwe mapema, sio uchungu ukishaanza.

Sasa tazama mtego ulivyo. Mgonjwa ambaye miastenia yake haijatambuliwa anapata homa ya mapafu, kwa sababu anapaliwa. Analazwa kama kiharusi kilicholeta homa ya mapafu. Anachomwa jentamaisini. Siku ya pili hawezi kupumua. Kwenye faili inasomeka kama kiharusi kilichozidi.

Guillain-Barré ni nini, na inafananaje na kiharusi?

Ni kinga ya mwili kushambulia neva zenyewe, mara nyingi wiki moja hadi nne baada ya kuharisha au mafua. Bakteria wa kuku asiyeiva vizuri, kampilobakta, ni chanzo kinachojulikana sana. Madaktari wa Ufaransa Guillain, Barré na Strohl waliueleza mwaka 1916.

Katika umbo lake la kawaida haufanani sana na kiharusi: miguu yote miwili inachomachoma na kulegea, mgongo unauma, udhaifu unapanda juu kwa siku kadhaa. Ukigonga goti kwa nyundo, mguu haurushiki. Tahadhari moja: kiharusi kipya nacho kinaweza kulegeza kiungo na kuzima mruko wa goti upande ule kwa siku za mwanzo. Kinachokuelekeza kwenye Guillain-Barré ni mruko kutoweka pande zote mbili.

Shida inakuja kwenye aina zake zisizo za kawaida. Moja inalegeza uso pande zote mbili. Nyingine inaanzia kooni, shingoni na mikononi huku miguu ikiwa na nguvu. Nyingine inaleta macho yasiyozunguka, mwendo wa kuyumba na magoti yasiyoruka, picha kamili ya kiharusi cha nyuma ya ubongo. Aina hiyo inaitwa Miller Fisher. Huyo Charles Miller Fisher, daktari wa Kanada aliyeieleza mwaka 1956, ndiye huyohuyo aliyetufundisha sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu kiharusi: viharusi vidogo vya ndani ya ubongo, viharusi vya kupita, mshipa wa shingo kuziba. Bingwa wa kiharusi alikutana na wagonjwa watatu waliofanana na kiharusi, akasimama na kusema hapana, hiki ni kitu kingine. Napenda kuwasimulia hilo wanafunzi.

Kipimo cha maji ya uti wa mgongo huonyesha protini nyingi na chembe chache, ila wiki ya kwanza kinaweza kuwa cha kawaida kabisa, na jibu la kawaida lisimrudishe mgonjwa nyumbani. Tiba ni imunoglobulini ya mshipa au kubadilisha maji ya damu, zote ghali na zinapatikana hospitali chache. Steroidi (dawa za jamii ya prednisoloni), ambazo watu hukimbilia kuzitoa, hazisaidii hapa. Wagonjwa 2 au 3 kati ya 10 watahitaji mashine ya kupumulia kwa muda, ndiyo maana mgonjwa huyu hapewi rufaa ya "nenda wiki ijayo".

Nitajuaje pumzi inaisha kabla haijaisha?

Usiitegemee mashine ndogo ya kidole inayopima oksijeni. Kwa mgonjwa wa mapafu inasaidia. Kwa mgonjwa wa misuli oksijeni hubaki 97 au 98 huku kifua kikichoka, halafu inaporomoka mara moja wakati umeshachelewa.

Tumia macho na masikio. Je, anaweza kunyanyua kichwa kutoka kwenye mto na kukishikilia? Misuli ya shingo na kiwambo cha kupumulia huchoka pamoja. Je, kikohozi chake kina nguvu au ni cha kusafisha koo tu? Anameza mate au anayatema kwenye kitambaa? Akivuta pumzi, tumbo linatoka nje kama inavyotakiwa, au linaingia ndani?

Kisha mwambie avute pumzi moja kubwa na ahesabu kwa sauti mpaka iishe. Vitabu vinasema mtu mzima mwenye afya anafika 40 au zaidi, na asiyefika 20 yuko hatarini. Lakini vitabu hivyo vilihesabu kwa Kiingereza. "Ishirini na saba" inakula pumzi zaidi. Mimi huwaambia wahesabu moja mpaka kumi na kurudia, na ndugu mwenye afya ahesabu kando yake kwa mwendo uleule. Andika namba na saa. Rudia kila saa moja. Namba inayoshuka kutoka 30 hadi 22 hadi 15 inamwita daktari wa ganzi na usingizi sasa hivi, hata kama mgonjwa anatabasamu.

Wenye kifaa cha kupima ujazo wa pumzi watumie kipimo chao: chini ya mililita 20 kwa kila kilo ya uzito ni wakati wa kumwandalia mashine.

Kuna sumu zinazoleta hali kama hii?

Zipo, na kijijini zinapaswa kuja akilini mapema kuliko magonjwa yenye majina ya Kifaransa.

Nyoka kwanza. Koboko na jamii ya swila wana sumu inayolegeza misuli kuanzia juu: kope zinafunga, macho yanaona viwili, ulimi mzito, kisha pumzi. Aliyeumwa akiwa usingizini kwenye mkeka anaweza asijue. Kijana wa shambani aliyekutwa asubuhi kope zote mbili zimefunga na mate yanamtoka, vua viatu, tazama vifundo na vidole kwa tochi.

Dawa za wadudu za shambani, zile za jamii ya oganofosfati, ndizo zinazochanganya zaidi. Mgonjwa kapoteza fahamu, mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Damu iliyovuja kwenye shina la ubongo huleta mboni hizohizo. Nusa nguo zake. Angalia jasho, mate, machozi, kifua kinachokoroma maji, mkojo uliomtoka. Atropini inaokoa. Kisha msimtoe wodini mapema: kati ya siku ya kwanza na ya nne, akiwa ameshaamka na anaongea, shingo inaweza kulegea ghafla na pumzi ikafuata. Kidalili cha kwanza ni kushindwa kunyanyua kichwa kwenye mto.

Botulizimu ni nadra: chakula kilichofungiwa bila hewa kikaota sumu. Mdomo mkavu, mboni kubwa zisizoitikia mwanga, udhaifu unaoshuka kutoka usoni kwenda chini. Mwaka 1980 jarida la tiba la Uingereza lilichapisha taarifa ya mlipuko wake Kenya uliotokana na kumbikumbi. Ukiona wawili au watatu wa nyumba moja wana "kiharusi" kwa pamoja, acha kukitafuta kiharusi na uliza walikula nini.

Kaka yangu alilewa, akalala kwenye kiti, kaamka mkono haunyanyuki kwenye kifundo. Kiharusi?

Inaelekea ni neva ya mkono iliyobanwa kwenye ubao wa kiti. Kifundo kinaning'inia, vidole havinyooki, lakini bega na kiwiko viko imara, uso mzima, usemi mzima. Kiharusi kidogo kinaweza kuiga hata hili, kwa hiyo aonwe siku hiyohiyo. Neva iliyobanwa hivyo kwa kawaida hurudi yenyewe kwa wiki kadhaa.

Kijana mzima kabisa kaamka hawezi kusogeza miguu yote miwili. Jana alikuwa mzima.

Pimeni potasiamu kwenye damu, na moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo). Potasiamu ikishuka sana misuli inagoma, na huweza kutokea baada ya kuharisha sana, kwa dawa za kukojoza zinazotolewa kwa presha, au kwa watu wenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, hasa asubuhi baada ya kazi nzito na mlo mkubwa wa wanga. Akili timamu, uso na usemi kwa kawaida viko sawa. Potasiamu irudishwe taratibu huku ikipimwa tena na tena, maana inaweza kupitiliza.

Kama anatoka eneo la njaa ambako wanakula muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, na miguu imekakamaa badala ya kulegea, fikiria konzo, kupooza kunakoletwa na sumu ya muhogo huo. Imeshawahi kutokea katika mikoa ya Mara na Mtwara, na huko Kongo ni tatizo la miaka mingi. Konzo haigusi misuli, inagusa njia za ubongo, lakini huja ghafla vilevile.

Na mtoto akipooza?

Mtoto mwenye selimundu akilegea upande mmoja ni kiharusi, kimbia. Watoto hao hupata kiharusi kweli, hata wa miaka 4.

Mtoto yeyote chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mguu au mkono, bila kujali unadhani ni nini, lazima aripotiwe kwa ajili ya uchunguzi wa polio: sampuli 2 za choo, zikipishana angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Afrika ilitangazwa huru na polio ya asili Agosti 2020, kisha mwaka 2022 virusi hivyo vikaonekana Malawi na Msumbiji, na Tanzania ikaingia kwenye kampeni ya chanjo nyumba kwa nyumba. Sindano ya paja iliyochomwa vibaya nayo inaweza kulegeza mguu, bado ripoti.

Baba ulimi umekuwa mzito miezi sita sasa. Wameshasema kiharusi mara mbili.

Kiharusi hakizidi kidogo kidogo kwa miezi sita. Mwambie atoe ulimi nje kwenye mwanga mzuri: kama umepungua unene na unachezacheza wenyewe kama kuna minyoo chini ya ngozi, aonwe na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, kwani huenda ni ugonjwa wa neva za misuli ulioelezwa na Jean-Martin Charcot huko Paris mwaka 1869. Sio habari njema, na hauna tiba ya kuuondoa. Lakini familia inayojua inaweza kupanga kuhusu chakula, pumzi na mali, badala ya kumzungusha mzee kwenye kliniki ya presha.

Kama daktari hana uhakika akampa dawa ya kuyeyusha damu, na kumbe si kiharusi?

Hatari ya damu kuvuja ubongoni ipo, ila kwa ubongo ambao haujaumia ni ndogo kuliko kwa mwenye kiharusi. Ndiyo maana madaktari wengi, saa zikiwa zinakimbia na CT haina damu, huegemea kutibu. Nakubaliana nao, kwa sharti kwamba wamemtazama mgonjwa: kope kwa dakika moja, paji la uso, magoti yote mawili, ganzi ipo au haipo. Hayo yote yanachukua dakika tatu.

Nikifika mapokezi niseme nini?

Sema saa, sio jina la ugonjwa. "Mara ya mwisho alikuwa mzima saa 2 usiku" ni bora kuliko "ana kiharusi". Sema kama ilikuja mara moja au ilipanda kwa siku, kama inabadilika asubuhi na jioni, kama aliharisha au alipata mafua mwezi huu, kama alikuwa shambani, alipuliza dawa, alikula nini. Beba maboksi ya dawa zote, hata za duka la jirani. Kama dalili zinakuja na kuondoka, mrekodi kwa simu: uso mzima, kwenye mwanga, akihesabu kwa sauti, asubuhi mara moja na jioni mara moja.